Wakuu hii "had" ya Kiingereza inatumika lini hasa? Ripoti yangu ya mlimani imerudishwa

mgumu_machame (Moshi)

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenu wale mliosoma Kiingereza vizuri maana hapa nilipo sina amani.

Mimi ni msaidizi wa kiongozi kwenye Mlima Kilimanjaro, nilianza kama mgumu nabeba mizigo ya wageni, nikapanda taratibu mpaka nikapata leseni. Shule niliishia kidato cha nne. Kiingereza cha kuongea sina tatizo nacho, mgeni naelewana naye toka getini mpaka kileleni na tunashuka tukiwa marafiki, ila ikija kuandika ndio napotea.

Iko hivi. Tulikuwa na wageni wanne njia ya Machame. Usiku wa kilele tukiwa kambi ya Barafu mgeni mmoja, baba wa makamo, akaniambia kichwa kinamuuma. Tukampima, tukamwangalia, baadae akasema kimeisha na anataka kwenda, saa sita usiku tukaondoka. Tulipofika kama mita 5,200 akatapika. Mkubwa wangu akasema huyu anashuka sasa hivi, nikapewa mimi nimshushe, nikamshika mkono tukashuka mpaka Barafu, kulipokucha tukaendelea mpaka kambi ya Millennium na huko akala uji na mayai akawa mzima kabisa. Hakuna aliyeumia. Sasa mgeni karudi kwao anadai bima, na bima wanataka maelezo ya maandishi ya mtu aliyemshusha, ambaye ni mimi.

Nikaandika ukurasa mmoja. Kwa kuwa mambo yote yameshapita nikaweka had kila mahali, maana nilivyokuwa naelewa mimi past perfect ni ya mambo yaliyopita na kwisha kabisa. Ripoti ikarudi. Msimamizi wa ofisini akaniambia kaka hii haieleweki kipi kilitangulia kipi kikafuata, na kuna sentensi moja hapa itatuweka pabaya. Sentensi yenyewe ni hii: "When we left Barafu the guest had vomited." Eti hapo nimesema mgeni alikuwa keshatapika na mimi nikaendelea kumpandisha juu! Wakuu hicho kitu sijafanya na siwezi kufanya, mgeni akitapika Barafu hapandi, hata mpagazi wa siku ya kwanza anajua.

Nanakili kipande mkione (Diamox ni dawa ya ugonjwa wa mwinuko):

"The guest had slept at 7 pm. At 10 pm I had checked him and he had told me he has headache. He said he has taken Diamox. When we left Barafu the guest had vomited. I had held his hand and we had went down. When we had reached Barafu the cook was already slept."

Naombeni mnieleweshe, hii had inakaa wapi na haikai wapi? Sitaki mtu aniandikie, nataka nielewe, kwa sababu ripoti zitakuja nyingine.

---

Dogo_Soweto (Moshi)

Pole sana kaka. Mimi nilivyofundishwa, had ni ya zamani sana na ile ya -ed ni ya juzi juzi. Kwa hiyo kama safari yako ilikuwa mwezi uliopita toa had zote weka -ed utakuwa umemaliza. Na hao wa bima ni Wazungu lugha ni yao wataelewa tu.

---

Ticha_Ngarenaro (Arusha)

Dogo_Soweto mwanangu, hilo ulilosema ndilo kosa ninalolikuta kwenye madaftari mwaka hadi mwaka, na siyo kosa lako, ni jinsi tulivyolifundisha. Tunaandika ubaoni "past perfect ni wakati uliopita zaidi" halafu mtoto anasikia "zaidi" anadhani ni miaka mingi. Umri wa tukio hauhusiki kabisa.

Chukueni mlima wenyewe. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Hiyo ni zaidi ya karne, zamani kuliko hapo unataka nini tena, lakini Kiingereza sahihi ni "Meyer reached the summit in 1889", had haipo. Sasa huyu Meyer kabla ya hapo alishashindwa, mwaka 1887 alipanda akaishia njiani, na 1888 safari yake ilikatikia huku chini kabisa kwa sababu ya vita ya Abushiri, alikamatwa akatoka kwa kulipiwa. Ukisema "When Meyer reached the summit in 1889, he had already failed twice", hapo had imeingia. Imeingia kwa sababu umesimama 1889, uko juu na yeye kileleni, halafu ukageuza shingo ukatazama nyuma.

Na leo asubuhi. Anayeniletea maziwa kafika saa mbili mimi chai nimeshakunywa. "When the milk came, I had already drunk my tea." Ni leo hii, kikombe bado hakijaoshwa, na had ipo. Kwa hiyo ya 1889 haina had, ya asubuhi hii inayo. Kinachotakiwa ni vituo viwili: kituo ulichosimama katika habari yako, na kitu ambacho kwenye kituo hicho kilikuwa kimeshafanyika. Kama una kituo kimoja tu, had unaiitia nini?

Sasa nije kwako mgumu_machame, na hapa naomba usome polepole kama mnavyowaambia wageni wenu. Hiki kitu unacho tayari kwenye Kiswahili na unakitumia kila siku bila kukosea. Soma sentensi hizi mbili kwa sauti:

Tulipofika Barafu mpishi akaondoka.
Tulipofika Barafu mpishi alikuwa ameondoka.

Ya kwanza mpishi mmemwona, mmefika, yeye akashika njia. Ya pili hamkumkuta, mmekuta hema tupu. Hakuna Mswahili anayechanganya hizi mbili hata awe darasa la pili. Haya, kwa Kiingereza ya kwanza ni "When we reached Barafu, the cook left." Ya pili ni "When we reached Barafu, the cook had left." Basi. Ile -ka- yako ya kusimulia, tukafika akasema nikamshika tukashuka, yote hiyo ni past ya kawaida, reached, said, held, walked. Hadithi inatembea kwenda mbele haina haja ya had. Na ile "alikuwa ame-" ndiyo had yako. Na ukikanusha vile vile, "alikuwa hajala" ni "he hadn't eaten", ile -ja- inakusaidia sana usiisahau.

Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi ya Kiingereza iseme kichwani kwa Kiswahili kama unamsimulia mkeo. Ukisikia umesema -li- au -ka- andika past ya kawaida. Ukisikia umesema alikuwa ame-, tulikuwa tume-, walikuwa hawaja-, hapo simama, inawezekana ni had.

Sasa tazama sentensi iliyokuletea balaa. Ulitaka kusema tuliondoka Barafu halafu huko mbele akatapika. Ni akatapika, siyo alikuwa ametapika. Wewe ukaandika "had vomited" ambayo ni alikuwa ametapika. Msimamizi wako alisoma sawasawa kabisa, na bima wangesoma hivyo hivyo, na hata hiyo had ukiitoa tu, "When we left Barafu the guest vomited", bado atadhani alitapika pale pale mnaondoka. Hapo inatakiwa muda na mahali, mlikuwa mmetembea muda gani, mlikuwa mita ngapi.

Mambo mawili ya haraka. Baada ya had kinakuja kile kitenzi cha safu ya tatu ubaoni, go went gone, kwa hiyo "had gone", hakuna "had went". Na hiyo "was already slept" naijua inakotoka, umesema alikuwa kichwani ukaandika was mkononi. Kiswahili kwenye hii kazi kinatumia kuwa, Kiingereza kinatumia have, ndiyo maana alikuwa ya hapa haiwi was. Wanafunzi wangu wengi sana waliandika "he was already gone home", "he was finished the work", wote njia moja na wewe.

---

mgumu_machame

Mwalimu shikamoo. Aisee hii ya -ka- na alikuwa ame- imeniingia mpaka nimesimama. Nimeirudia ripoti yote kwa Kiswahili nikakuta had nyingi hazina kazi.

Ila kuna moja bado. Huyo mpishi hakuwa ameondoka, alikuwa amelala, nilifika na mgeni tukamkuta kajifunika. Kwa kanuni yako alikuwa amelala itakuwa "the cook had slept". Lakini nikiisoma naona kama nimesema mpishi alilala akaamka. Nimekosea wapi?

---

mama_sakina (Arusha)

Hujakosea kaka, sikio lako limesikia vizuri. Naomba nijibu hii maana mimi ndiyo iliyonitesa.

Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni, zamu ya usiku tunaandika kitabu cha makabidhiano kwa Kiingereza asubuhi anakisoma meneja ambaye Kiswahili hajui. Kuna siku saa tisa usiku mgeni wa kike alikuwa amekaa peke yake barazani, amevaa koti tu na miguu haina viatu, nikaandika "She had sat on the veranda, she had worn a coat." Meneja akaniuliza kwa hiyo ulipomwona alikuwa wapi? Nikamwambia si barazani. Akasema lakini umeandika alikaa akanyanyuka, koti alivaa akalivua. Yule dada alikuwa na msiba kwao usiku ule na meneja alitaka kujua kama bado yuko nje kwenye baridi, na kitabu changu kilikuwa kinamwambia ameshaingia ndani.

Toka siku hiyo nikaanza kuangalia ile -me- yetu, nikagundua inafanya kazi mbili. Kuna -me- ya tendo lililokwisha, ameondoka, amekula, ametapika, amevunja. Na kuna -me- ya hali ambayo mtu yumo ndani yake sasa hivi: amekaa, amelala, amesimama, amevaa, amechoka, ameshika, amebeba, amepiga magoti. Ukisema yule amekaa unamwona yuko kwenye kiti. Ukisema yule amekula sahani iko tupu. Kwa Kiswahili zote zinavaa -me- moja ndiyo maana hatuoni tofauti, lakini Kiingereza hali inakwenda na was: was sitting, was asleep, was standing, was wearing, was tired, was holding, was carrying.

Kwa hiyo mpishi wako ni "the cook was asleep".

Njia ninayotumia mimi kupima ni kuingiza -sha-. Alikuwa ameondoka, alikuwa ameshaondoka, habari ni ile ile, basi had. Alikuwa amevaa koti, alikuwa ameshavaa koti, hapa habari imegeuka, ya kwanza unaliona koti mwilini, ya pili unasema zoezi la kuvaa alikuwa amelimaliza. Ikigeuka namna hiyo ujue ile ya kwanza ni hali, weka was. Na kama kweli unataka kusema zoezi lilikuwa limemalizika, utasema "he had put on his coat", kitenzi chenyewe kinabadilika. Hata kulala, "alikuwa ameshalala" mimi naandika "he had gone to bed" au "he had fallen asleep" kutegemea nimeona nini.

Samahani Mwalimu kwa kuingilia somo.

---

Ticha_Ngarenaro

Hukuingilia hata kidogo dada. Nimefundisha miaka mingi na hiyo ya kupima kwa -sha- sijawahi kuiweka ubaoni, na nimeijaribu hapa kwa vitenzi kama ishirini inashika. Nitaitumia.

---

karani_wa_zamani (Moshi)

Nimesoma yote nimefurahi. Niongeze eneo moja ambalo hamjaligusa na kwenye ripoti ya huyu ndugu limo mara mbili, maneno ya mtu mwingine.

Mimi nimekaa mahakamani miaka mingi kama karani. Vijana wa sasa hawakuiona ile, kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama, shahidi alikuwa anaongea Kiswahili chake pale kizimbani, hakimu anasikia Kiswahili, lakini kalamu yake inaandika Kiingereza. Kila neno la shahidi linageuzwa hapo hapo kichwani mwa mtu. Fikiria mama mmoja wa Kibosho anasema "nilimkuta kijana ameshika panga", halafu mtu akaandika "he had held a panga". Kushika ni ile hali ya mama_sakina! Panga liko mkononi au lilishawekwa chini? Mtu anaweza kufungwa hapo. Nililiona suala hili kwa macho yangu ndiyo maana nalichukulia kwa uzito.

Sasa maneno ya mtu. Kiswahili ukisimulia alichosema mtu, unaacha wakati wake kama alivyousema yeye. Mgeni alisema "nimekunywa dawa", wewe unasimulia "alisema amekunywa dawa". Hakuna kilichosogea. Kiingereza hakikubali, kinavuta nyuma hatua moja. Alisema ni jana, kwa hiyo kunywa dawa ni kabla ya jana hiyo, vituo viwili vya Mwalimu vile vile: "He said he had taken Diamox." Ukiandika "he said he has taken" msomaji anashtuka kidogo, dawa kanywa leo au siku ile? Na "alisema hajatapika" itakuwa "he said he had not vomited".

Hapa ndipo Mswahili anapopotea hata akiwa na digrii, kwa sababu ile alama ya Mwalimu ya "alikuwa ame-" haisikiki. Unasikia "ame-" peke yake, "haja-" peke yake. Kwa hiyo ukiona mbele kuna alisema, aliniambia, nilijua, niligundua, niliona kwamba, halafu nyuma yake kuna -me- au -ja- ya tendo lililokwisha, weka had.

Halafu ndugu usichanganye had mbili. "He told me he had a headache", hiyo had siyo msaidizi, ni kitenzi chenyewe, alikuwa na, hakuna kitenzi kingine nyuma yake. Ndiyo maana utakuja kukutana na "had had" siku moja utadhani mtu kakosea kuchapa. Kama kichwa kilimuuma toka Shira mpaka mnafika Barafu, "When we reached Barafu he had had a headache since Shira." Ya kwanza ni msaidizi, ya pili ndiyo kuwa na.

La mwisho, hapa namkumbusha Mwalimu kwa heshima, had haihitajiki kila mara hata vituo vikiwa viwili. Ukiwa na before au after mpangilio unajionyesha wenyewe, "He drank water before we left" inatosha, "had drunk" siyo kosa ila haina lazima. Na ukishageuza shingo mara moja kwa had, hadithi ya kule nyuma ikiwa ndefu Kiingereza kinakuruhusu kuendelea na past ya kawaida, msomaji ameshajua mko nyuma. Nimeona watu wanaandika had kumi na mbili kwenye aya moja, inachosha kama kupanda ile miamba ya Jamaica kule Kibo kwa mguu mmoja.

---

Ticha_Ngarenaro

Karani nakubali yote. Na niongeze kitu ambacho wanafunzi huniuliza, je naweza kuweka tarehe pamoja na had? Unaweza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977, mkataba wa hii ya sasa ukasainiwa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. "When the new treaty was signed in Arusha in 1999, the old Community had collapsed in 1977"... ipo sawa kisarufi ingawa mimi ningeandika "more than twenty years earlier" ili isisomeke kizito. Ila ile ya have na has ndiyo haitaki tarehe kabisa, "has collapsed in 1977" ni kosa, na watu wanaibeba hiyo kanuni wanaipeleka kwenye had ambako haihusu.

---

Dogo_Soweto

Mwalimu shikamoo, nimekubali nilikosea, na nimekuwa nikiwafundisha wadogo zangu hivyo hivyo kumbe, leo nakwenda kuwarekebisha. Swali langu, ile "if I had known" nayo ni ile ile? Maana hapo sioni alikuwa ame-.

---

Ticha_Ngarenaro

Marahaba. Sura ni ile ile kazi ni nyingine. Hiyo ni -ngali- yetu, ningalijua nisingalikuja, jambo ambalo halikutokea. "If I had known, I would not have come." Mtaani tunasema ningejua nisingekuja tunaitumia -nge- kwa yote mawili, ya sasa na ya jana, ndiyo maana mnaandika "if I knew" mnapotaka kusema ya jana. Ukitaka kujua uweke ipi jiulize nafasi bado ipo au imepita. Hii tuiache uzi mwingine, ni ndefu.

---

mgumu_machame

Wakuu nimekaa nayo toka saa kumi na mbili mpaka sasa hivi. Nimefanya kama Mwalimu alivyosema, nimeandika kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari, nikazungushia kila alikuwa ame-, nikapima kwa -sha- ya dada, nikatafuta alisema zote za Karani. Naiweka hapa mnisahihishie kabla sijaipeleka:

"The guest went to bed at 7 pm. At 10 pm I checked him and he was awake. He told me he had a headache and that he had taken Diamox with his dinner. I informed the head guide and we checked his oxygen. At 11:30 pm the guest said the headache had gone and he wanted to continue. When we left Barafu at midnight he had eaten two biscuits and he had not vomited. At 8 am, at about 5,200 metres, he vomited for the first time. The head guide told me to take him down at once. I held his arm and we walked down slowly. When we reached Barafu the cook was asleep, but he had left hot water in the flask for us."

Ile "he had not vomited" nimeiweka kwa makusudi, nimeona nikiacha tu bila kusema watauliza tena.

---

karani_wa_zamani

Hiyo "had not vomited" umeiweka mahali pake kabisa. Umesimama saa sita usiku getini mwa kambi, ukageuka nyuma, ukasema mpaka hapa hakuna kilichotokea. Ningekuwa mimi ndiye wa bima swali langu la kwanza lingeishia hapo. Na "for the first time" baadae inaifungia.

---

Ticha_Ngarenaro

Had zote tano za usaidizi nimezikagua, had taken, had gone, had eaten, had not vomited, had left, kila moja ina vituo vyake viwili. Ile ya headache ya kwanza ni kuwa na. Nakupa alama zote, na ile ya maji ya moto kwenye chupa nimeipenda, mpishi hukumkuta macho lakini alichokifanya kabla ya kulala kinaonekana kwenye had moja tu.

---

mama_sakina

Kaka ngoja kwanza usiipeleke!! Mliondoka saa sita usiku, akatapika saa nane usiku si ndiyo? Umeandika "8 am". Hiyo ni saa mbili asubuhi kwao, yaani umemtembeza masaa nane kutoka Barafu mpaka mita 5,200 tu. Saa nane usiku ni 2 am.

---

mgumu_machame

Uwiii dada asante. Ni saa nane usiku kweli, nilitazama saa yangu wakati namwagia mchanga pale alipotapika. Nimebadilisha, 2 am. Hizo nyingine nimezirudia moja moja, saa moja jioni 7 pm, saa nne usiku 10 pm, saa tano na nusu 11:30 pm, zipo sawa.

Kesho saa mbili asubuhi naipeleka ofisini. Jumatatu naingia mlimani tena, njia ya Marangu, mtandao ukikubali nikiwa Horombo nitawaambia wamesemaje.